Soketi Tatu za Wake Wenza

Mama zangu ni wawili, na Januari ile walifika kwangu Visiga wamepakizana kwenye pikipiki moja: dereva mbele, Mama katikati, Mama Mkubwa nyuma, na kikapu cha nazi kimebanwa mapajani. Kutoka barabara ya Morogoro mpaka mlangoni kwangu ni mwendo mfupi sana, lakini walikuwa wamecheka njia nzima, na waliposhuka hawakuweza hata kuitikia shikamoo yangu. Mama alijishika ukutani. Dereva alisubiri nauli yake huku naye akicheka, na nilipomuuliza kulikoni akasema hajui, ameambukizwa tu.

Mama Mkubwa ndiye mke wa kwanza wa marehemu baba yangu. Mama, aliyenizaa, ni mke wa pili. Baba alipofariki, ndugu walidhani kila mmoja atarudi kwao. Hakuna aliyerudi. Walibaki palepale Mzenga, nyumba moja, shamba moja, jiko moja, na hata redio wanasikiliza moja. Mama Mkubwa ni mrefu na mzito wa maneno, anatembea kama mtu anayepima kiwanja. Mama ni mfupi, mwepesi, hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kusimama mara tatu. Wamenilea wote wawili, na mpaka nilipoanza shule sikujua kwamba kuna watoto wenye mama mmoja tu. Nilipojua niliwaonea huruma.

Kilichowaleta ni umeme. Ulikuwa umefika kijijini kwetu, na sisi watoto tulikuwa tumewajengea jiko jipya la matofali, lenye dirisha pana na vigae chini, badala ya banda la udongo lililotutoa machozi miaka yote. Fundi alipofunga nyaya aliweka soketi tatu ukutani, akasema kwa jiko la ukubwa ule zinatosha. Kaka zangu na mimi tukazungumza kwenye simu, tukaafikiana: soketi tatu, vitu vitatu, na wachague wenyewe. Mimi niko karibu na maduka, kazi ikaniangukia. Masharti ya kuchagua waliyaweka wao. Kila mmoja atachagua kimoja bila kuulizwa na mtu, na cha tatu watakubaliana. Kaka yangu mkubwa alinitumia ujumbe kwamba hicho cha tatu ndicho kitakachotuzeesha.

Nilikuwa na wasiwasi zaidi na Mama Mkubwa. Umeme alikuwa hajauamini. Kule Mzenga taa aliwasha na kuzima kwa mpini wa mwiko, kwa sababu mti haupitishi shoti, na mwiko wenyewe alikuja nao Visiga, umechomekwa kwenye kikapu pamoja na nazi mbili na mfuko wa mbaazi kavu za shambani kwake. Nilipomwambia kwamba miko hata kwangu ipo, alisema anajua, lakini ule wanazoeana.

Siku mbili za mwanzo nilikwenda kazini nikawaachia jiko langu wajifunze. Jiko langu si la kifahari. Nina friji, jagi la umeme la kuchemshia maji, blenda, na jiko la gesi. Niliwaonyesha kila kitu asubuhi kabla ya kutoka, nikamwomba Mama asifungue blenda inapozunguka, kwa maana namfahamu.

Siku ya kwanza niliporudi nilikuta chupa zote za chai zimejaa maji ya moto. Ndoo ya plastiki nayo imejaa, na sufuria mbili zimefunikwa zinatoa mvuke. Mama alikuwa amependa namna jagi linavyojizima lenyewe maji yakichemka. Alinieleza kwamba alikaa analivizia, asilibonyeze, asilisemeshe, lakini kila mara lilijua. Mara ya kwanza alidhani ni bahati. Basi akarudia, na akarudia tena, na Mama Mkubwa, badala ya kumkataza, akawa anamletea maji kutoka kwenye pipa. Tulioga maji ya moto Januari ile, katika joto lile la Kibaha ambalo hata mbwa hulala chali kivulini.

Siku ya pili mume wangu alitangulia kurudi nyumbani. Nilipofika nilimkuta amesimama nje karibu na bomba, ana kiu na hanywi. Aliniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alifungua friza atafute barafu, na humo ndani kuna mavazi ya wakubwa. Hakusema zaidi, na mimi nilimwelewa: mkwe hawezi kuulizia nguo za mama wakwe. Nikaingia, nikafungua. Khanga nne zilikuwa zimekunjwa vizuri kama za kwenda nazo harusini, zimelazwa juu ya samaki wangu, zimekuwa ngumu kama mbao.

Ubunifu ulikuwa wa Mama Mkubwa. Joto lilimzidi mchana, akafikiri kwamba kama friza inaweza kugandisha samaki, khanga haiishindi. Akalowesha moja, akaikunja, akaingiza kwa kutumia mwiko. Baada ya saa moja akaivaa shingoni. Mama alinisimulia kwamba Mama Mkubwa alifumba macho, kisha akasema Alhamdulillah kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake tangu waolewe. Zile nne zilikuwa za zamu. Mbili zavaliwa, mbili zaganda. Jioni ile nami nilivaa ya kwangu nikaitupa barafu ya mume wangu kwenye jagi la juisi, na tulikaa watatu sebuleni na khanga za baridi mabegani tukiitazama taarifa ya habari bila kuisikia hata neno moja, maana kila mmoja akimtazama mwenzake alikuwa anaanza upya kucheka.

Siku ya tatu jioni niliwapeleka Mbwawa. Kuna mwanamke ninayefanya naye kazi, mwenyeji wa Bukoba, amejenga huko nyumba mpya, na jiko lake lina kila kitu ambacho mimi hukitazama kwenye simu tu. Nilitaka waone kabla ya kuchagua. Aliwapokea kwa heshima, akawapitisha kifaa kimoja baada ya kingine, na Mama Mkubwa akafuata mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Kwenye sufuria ya umeme inayopika kwa presha alisimama. Mwenye nyumba alimweleza kwamba inaitwa presha, inafungwa kwa kuzungusha mfuniko, na inaivisha maharage kabla hujamaliza kufagia uwanja.

"Presha ninayo," alisema Mama Mkubwa. "Nimepewa na daktari. Ya pili ya nini?"

Akapita. Nilidhani kwake hiyo imefutika.

Mama yeye alinasa kwenye oveni. Ilikuwa na mlango wa kioo na taa ndani, na mwenye nyumba alikuwa ameandaa rojo la keki kwa ajili yetu. Alipoiingiza, Mama alikaa sakafuni mbele ya kile kioo, akakunja miguu, na hakuondoka hapo. Sisi wengine tulikwenda kuona mabanda ya kuku, tukarudi, yeye yupo. Alikuwa akitutangazia kutoka sakafuni. Sasa inatetemeka katikati. Sasa imepanda kushoto. Sasa imepasuka kidogo juu, inapumua. Mwanamke huyo mwenye wajukuu tisa alikuwa ana macho ya mtoto anayetazama picha za katuni, na keki ilipotolewa aliinuka kwa shida, magoti yakalia, akasema kwamba hajawahi kukiona chakula kikizaliwa.

Njiani kurudi alikuwa ameshaamua. Soketi ya kwake atachagua blenda, kwa sababu ameizoea kwangu. Lakini ile soketi ya tatu, ya makubaliano, ni ya oveni. Mama Mkubwa alijibu kwamba soketi ya makubaliano haijakubaliwa. Yeye hapo anataka friji, na ya kwake mwenyewe bado anaifikiria. Nikaukumbuka ujumbe wa kaka yangu.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Maili Moja. Mama Mkubwa alitoka na kikapu chake kilekile, nazi, mbaazi na mwiko, na nilipomuuliza tunakwenda navyo wapi alisema jogoo hanunuliwi kwa kusikia anawika kwa jirani. Mbaazi alizilowesha tangu usiku. Nilihisi aibu ikinipanda mapema. Nilijiona nikiwaomba radhi wenye maduka siku nzima.

Duka nililolichagua lilikuwa la mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye miwani, aliyekaa nyuma ya meza bila kutabasamu. Alituamkia vizuri, "Shikamooni mama zangu," kisha akanyamaza akisubiri. Mama hawezi ukimya. Akamuuliza kwao ni wapi, na yule mama akajibu kwamba yeye ni Mnyamwezi wa Tabora. Mama akampigia makofi. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ukimkuta popote una ruhusa ya kumvua kofia. Mama akamwambia basi leo hatulipi, tunachukua mali yetu tuliyowaazima babu zenu wakipita na mizigo kwenda pwani. Yule mama hakutikisika. Alishusha miwani, akasema kwamba Wazaramo anawajua, wanapenda ngoma tu, na kama wametaka friji ili waipige kama ngoma basi ya kwake ni ya vyakula. Halafu akarudisha miwani. Mama Mkubwa, ambaye hacheki na wageni, alilazimika kugeukia ukutani.

Baada ya hapo hakuna lililokuwa gumu. Mama Mkubwa akatoa mbaazi akaziweka juu ya meza ya mauzo, akasema kwamba yeye vyombo hivi havijui, mbaazi zake anazijua, na anataka vikutane mbele yake. Yule mama alizitazama zile mbaazi, akachovya vidole akapima ulaini wake, kisha akainuka, akashusha presha ya maonyesho kutoka rafuni, akaichomeka. Maji alitoa kwenye dumu lake mwenyewe. Alisema tu kwamba zikiungua ni za Wazaramo, na zikiiva ni za duka.

Mama Mkubwa alisimama mbali, mwiko mkononi. Mvuke ulipoanza kufoka kidogo kwenye tundu alivuka barabara akaenda kusimama kwenye duka la vitenge la upande wa pili, akawa anatuchungulia kutoka huko. Mama akamwita arudi. Akaashiria kwa mwiko kwamba anaona vizuri hapo alipo. Watu wakaanza kusimama. Aliingia mwalimu mmoja aliyetaka kununua pasi, akaikosa nafasi ya kuulizia, akabaki. Wakaingia wanawake wawili waliotoka sokoni na mafungu yao ya mchicha.

Huku mbaazi zikiendelea, Mama alivunja nazi zile kwenye ngazi ya duka, akabandua nyama yake kwa kisu, akaikata vipande na kuitia kwenye blenda ya maonyesho na maji ya vuguvugu. Nilimkumbusha habari ya mfuniko. Aliushika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na wezi. Ilipozimwa, alimimina kwenye chujio, akakamua, na tui lililotoka lilikuwa zito na jeupe. Mama Mkubwa alilazimika kuvuka barabara tena ili alihukumu. Maisha yake yote amekuna nazi kwa mbuzi, amekaa juu ya kile kigoda chenye ulimi wa chuma mpaka kiuno chake kimechukua umbo lake. Alichovya kidole, akaonja. Akachovya tena. Alisema tui la kwanza halina kasoro. Tui la pili ni jepesi kidogo, lakini akaongeza kwamba hata la mbuzi huwa jepesi mkunaji akiwa amekasirika.

Presha ilipolia kwamba imemaliza, wote tulirudi nyuma hatua moja, mwenye duka peke yake akabaki. Alifungua tundu, mvuke ukatoka kwa mlio wa nyoka mkubwa, ukaisha. Akazungusha mfuniko. Mbaazi zilikuwa zimeiva. Zimeiva kabisa, zimepasuka, na huko kwetu mbaazi kavu zinakula kuni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mama Mkubwa alichota chache kwa mwiko wake, akazipuliza, akazisaga kwa ufizi maana meno ya nyuma hana. Duka zima lilimsubiri. Akaomba sufuria ifungwe tena na kuwashwa, aione tangu mwanzo, kwa karibu.

Mwenye duka akamwonyesha, kisha Mama akatia tui, akatia chumvi na pilipili moja nzima, zikachemka mara moja tu. Mmoja wa wale wenye mchicha akaenda kwa mpika maandazi wa jirani, akarudi na maandazi ya moto kwenye gazeti. Tulikula mbaazi za nazi kwa maandazi dukani, tumesimama kati ya majokofu na feni, kwenye sahani ambazo mwenye duka alizitoa kwenye boksi la seti mpya na kuniambia nitazinunua. Yule mwalimu alikula mara mbili. Alipoondoka alikuwa amenunua presha, na pasi ameisahau. Mmoja wa wanawake wa mchicha naye alinunua ya kwake, na mwenye duka akamwambia Mama Mkubwa, bila kutabasamu, kwamba Jumatatu aje saa mbili, mshahara watazungumza.

Kwa hiyo blenda ilikuwa ya Mama, na presha, kwa mshangao wangu, ya Mama Mkubwa. Ikabaki soketi ya tatu. Hapo furaha yote ilisimama.

Oveni ilikuwa upande wa kulia wa duka, friji upande wa kushoto, na mama zangu wakagawana pande. Mama alieleza kwa nini oveni. Ataoka mikate, keki za watoto wa jirani, sikukuu zitakuwa sikukuu. Mama Mkubwa alieleza kwa nini friji. Samaki hawataoza, maziwa hayatachacha, na maji ya baridi hana haja ya kuyaeleza kwa mtu aliyevaa khanga iliyoganda. Walianza kwa upole. Baadaye sauti zikapanda kidogo, na mimi nikajikuta nasoma maelezo ya feni ambayo sikuwa na haja nayo. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kuwasikia wakibishana mbele ya watu.

Mama akaegemea hoja ya nafasi. Jiko jipya ni dogo, alisema, na pale pa kuwekea friji ndipo viti vyao viwili vinapokaa. Ikiingia, mmoja wao atahama. Akaisogelea ile friji, akaitazama toka juu mpaka chini, nyeupe, pana, imesimama tu.

"Hii ni mke wa tatu," alisema. "Inaletwa nyumbani, inenepe, isimame siku nzima bila kazi, iule umeme wetu, na mimi nisogeze kiti changu niipishe. Dada, unanitakia hayo?"

Mama Mkubwa alifikiri. Alikuwa ameushika mwiko kwa mikono yote miwili.

"Mimi nilishaletewa mke mwenza mara moja," alisema. "Nikasogeza kiti. Na sikufa."

Nilimtazama Mama. Alikuwa amefungua mdomo, na nilidhani anataka kulia. Kisha bega lake moja likatikisika, halafu la pili, akaanza kucheka bila sauti, akatafuta pa kushika, akakosa, akakaa juu ya boksi la televisheni. Mama Mkubwa alikaa kando yake. Wakacheka wameegemeana, machozi yanawatoka, kila mmoja akijaribu kusema kitu na kushindwa. Mwenye duka alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena, na hatimaye akaiweka mezani na kucheka, sauti nene iliyotoka tumboni, mpaka watu wa duka la vitenge wakatoka nje kutazama. Mimi nililia kidogo pia. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba siku Mama alipoingia nyumba ile akiwa msichana, kulikuwa na mtu aliyesogea ili yeye apate pa kukaa, na kwamba wote wawili walikuwa wanalijua hilo siku zote.

Mama alipopata pumzi alimwambia mwenye duka afunge friji, tunaichukua.

Tuliisafirisha Jumapili kwa kirikuu, yale magari madogo ya mizigo. Mwenye duka alituasa mambo mawili: isilazwe, na ikifika isiwashwe mpaka kesho yake, itulie kwanza. Dereva aliisimamisha nyuma, akaifunga kamba, lakini Mama Mkubwa hakuziamini kamba, akataka mtu wa kuishika. Mbele kulikuwa na nafasi mbili, na wazee hawapandi nyuma. Kwa hiyo kutoka Visiga mpaka Mlandizi, na kutoka Mlandizi mpaka Mzenga, mimi, mtumishi wa umma mwenye ofisi na kitambulisho shingoni siku za kazi, nilisimama nyuma ya kirikuu nimeikumbatia friji. Pale Mlandizi mtu wa idara yetu aliniona akiwa anavuka barabara. Alisita, akanipungia mkono. Mikono yangu ilikuwa na kazi, nikamwitikia kwa kidevu. Baada ya lami kuisha vumbi lilinipaka wekundu nywele na kope, na kila tulipopita kijiji watoto walikimbia nyuma yetu, na nilijikuta naimba kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyenisikia na kwa sababu nilikuwa na furaha isiyokuwa na mahali pengine pa kwenda.

Habari ilikuwa imetutangulia. Tulipokata kona ya nyumbani wanawake walikuwa wamejipanga uani, na kigelegele cha kwanza kilipigwa kabla gari halijasimama. Mama alikuwa amewapigia simu kutoka njiani akawaambia tunaleta mke. Friji ilishushwa na wanaume wanne, ikatembezwa polepole mpaka mlangoni huku wakiiimbia nyimbo za kuingiza bibi harusi, na Mama akaifunga khanga katikati, akaitengenezea fundo. Mtu mmoja aliuliza mbona haiwashwi. Mama Mkubwa akamjibu kwa uzito wake wote kwamba mwali hafanyishwi kazi siku ya kwanza. Uani palikuwa na vumbi tele la ngoma, na nilimkumbuka yule mtani wetu wa Maili Moja, nikaona kwamba hatukumfanya mwongo.

Viti vyao vilihamia upande wa dirishani, kimoja huku na kimoja huku, na Mama akagundua kwamba hapo kuna upepo. Ile friji ilijaa ndani ya wiki moja, lakini si kwa vitu vyao. Jirani wa kulia analeta samaki wake. Jirani wa nyuma analeta maziwa ya mjukuu. Imamu wa msikiti wetu ana chupa yake ya maji yenye kamba nyekundu, na kuna mama mmoja, Mungu amweke, ambaye hana cha kuhifadhi lakini huleta ndimu moja ili naye awe na haki ya kufungua mlango. Mama Mkubwa anajua kila kilichomo ni cha nani. Ukimpigia simu kumjulia hali, baada ya salamu atakueleza hali ya friji, rafu kwa rafu.

Keki hazikumpita Mama. Yule mwenzangu wa Mbwawa alimpenda, akamwambia aje wakati wowote, naye akalichukua neno hilo kama lilivyo. Hupita kwangu Visiga kuacha mkoba, hunywa maji, na kuendelea na safari. Nimewahi kulalamika kwamba siku hizi anakwenda Mbwawa zaidi kuliko anavyokuja kwangu. Alinijibu kwamba nikinunua oveni atanifikiria.

Mwezi uliopita nilikwenda Mzenga bila kuwapa taarifa. Nilikuta viatu vingi mlangoni, nikadhani kuna msiba. Nikasogea dirishani. Ndani kulikuwa na wanawake kama kumi wamekaa kwenye mikeka, na mbele yao Mama Mkubwa, amesimama, anawafundisha kufungua tundu la presha. Alitumia vidole vyake mwenyewe. Aliwaambia wasiiogope, ila wasiizoee haraka. Waiheshimu kama mtu mwenye hasira aliyekuja kuwasaidia. Mmoja akauliza swali kabla ya wakati wake, akaambiwa asubiri. Nilipobisha hodi na kuingia, Mama Mkubwa aliitikia shikamoo yangu, akanionyesha mahali pa kukaa mwishoni mwa mkeka wa nyuma, akaendelea na somo.

Nilikaa. Kunde walizotia kwenye presha zilipoiva tulikula wote, na alasiri nikaaga. Mama alinifungashia chupa ya juisi ya ukwaju iliyoganda kuwa jiwe, akaizungushia gazeti, akaniapia kwamba itafika Visiga ikiwa vilevile. Niliipakata kwenye gari. Kabla ya Mlandizi gazeti lilikuwa limekwisha, ukwaju umeanza kunitiririkia mapajani, na abiria wa pembeni yangu, baba mmoja mwenye kofia, akawa anaitazama sketi yangu na kujitahidi asiitazame. Nikafungua chupa nikamkaribisha. Alikunywa, akasema ni ya baridi mno, imemgonga jino. Akaniomba tena.